xv6 kwa anayeanza somo la mifumo endeshi: inafaa, ila ina miiba

xv6 ni mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, uliotengenezwa MIT mwaka 2006 kwa kufuata muundo wa Unix toleo la sita. Ni bure. Toleo la sasa ni la RISC-V (aina ya prosesa), hivyo unahitaji QEMU (programu inayoiga kompyuta nzima) na kompaila ya RISC-V. Kwenye Ubuntu vyote hupatikana kwa apt. Ingia kwenye folda ya xv6, andika make qemu. Kutoka ni Ctrl-a, kisha x (wengi hukwama hapa).

Utamu wake uko kwenye kuongeza mwito wako wa mfumo (system call, yaani ombi la programu kwa mfumo endeshi). Namba huandikwa syscall.h, jedwali syscall.c, tamko user.h, ingizo usys.pl. Ukisahau usys.pl, kiunganishi (linker) kinagoma kabla mfumo haujawaka. Ukisahau jedwali, programu inajengeka vizuri kisha inakutolea "unknown sys call 22", maana miito 21 ya awali imeshachukua namba zake.

Mtandao haumo, na afadhali. Kinachoudhi ni rundo (stack) la programu, panapokaa vigeu vya fanksheni: ukurasa mmoja tu, baiti 4096. Tangaza safu kubwa ndani ya fanksheni uone programu inavyouawa. Tumia malloc (kuomba kumbukumbu nje ya rundo) badala yake. Faili nalo halivuki bloku 268 za baiti 1024. Tena QEMU huwashwa na prosesa 3, kwa hiyo kufuatilia kosa kwa gdb kunachanganya; tumia make CPUS=1 qemu-gdb. Asiyezielewa pointa za C azisome kwanza.