Usimamizi wa Pamoja au Msitu wa Kijiji: Njia Ipi Ifuatwe Usambara Mashariki?

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inawapa wanavijiji njia mbili: kuingia mkataba na serikali wa kuutunza kwa pamoja msitu wa hifadhi ulio chini ya serikali, au kutenga msitu wao ndani ya ardhi ya kijiji.

Kwa mapato, msitu wa kijiji unashinda waziwazi, kwani ushuru wa mazao na faini hubaki kijijini. Katika hifadhi ya mazingira asilia kama Amani, iliyoko kwenye milima ya Usambara Mashariki na iliyoanzishwa mwaka 1997, kukata mbao ni marufuku, na mara nyingi faida anayoiona mama wa jirani ni mzigo wa kuni kavu kichwani. Naliona hilo kuwa dhuluma, kwa kuwa anayelinda msitu usiku na mchana hastahili ujira wa kuni peke yake.

Kwa viumbe, mizani inageuka. Vyura na mimea isiyopatikana kwingine duniani huhitaji msitu mpana usiokatika, ilhali misitu mingi ya vijiji ni vipande vidogo, na pale iliki inapolimwa chini ya miti mikubwa, miche ya kuirithi hufyekwa.

Kiuendeshaji, msitu wa kijiji hudai mpango wa usimamizi na sheria ndogo zinazopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya.

Kijiji chenye msitu wa kuvunwa na kamati inayoaminika kitenge wake. Kilichobanwa na mpaka wa hifadhi kidai kwanza mkataba wa maandishi unaotaja mgawo wake.