Triga za flashi za 4,500: miezi minane nazo, na shida yenyewe ilikuwa wapi

Triga ni zile redio ndogo za kuwasha flashi iliyo mbali na kamera. Nilizinunua mwezi wa pili pale Luthuli Avenue, Nairobi, transmita moja (inakaa kwa kamera na kutuma ishara) na risiva mbili (zinakaa kwa flashi na kuipokea), 4,500 kwa M-Pesa, nikatoka na boksi nikiwa na furaha sana. Jina la triga na la duka nayaacha, maana nitakayosema hapa yanagusa karibu triga zote za bei hiyo, zile za masafa ya redio ya 2.4 GHz zenye pini moja tu katikati, hazijui TTL (flashi kupimiwa mwanga na kamera), hazijui HSS (flashi kwa kasi kubwa ya shata), kazi yao ni kuambia flashi iwake basi. Na kwa wiki kama sita hivi zilifanya hiyo kazi bila maneno, picha za mahafali, picha za watoto, picha za viatu za rafiki yangu anayeuza onlaini. Ningeandika rivyu wakati huo ningezipa nyota tano.

Alafu ikafika ruracio ya Kasarani, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu.

Wale mmeenda ruracio mnajua ile sehemu, wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwa mpaka miguu, wanaletwa mbele wamejipanga, na bwana harusi anatakiwa atambue wake ni yupi hapo katikati, akikosea anapigwa faini. Hema lilikuwa na giza kiasi kwa hivyo nilikuwa nimeweka flashi mbili kwa stendi, moja kila upande. Jamaa akashika mkono wa yule wa nne, akafunua leso, akina mama wakapiga ngemi (vigelegele), nikabonyeza. Flashi ya kushoto ikawaka, ya kulia kimya. Nikabonyeza tena, zote kimya. Ya tatu zikawaka zote mbili lakini saa hiyo msichana ameshageuka anamkumbatia shangazi yake. Hiyo picha ya leso ikifunuliwa ninayo, nusu ya uso iko gizani, nimejaribu kuiinua kwa kompyuta inatoka na chembechembe kama mchanga. Wiki iliyofuata mama ya msichana akanipigia, "Kijana wangu, ile ya leso iko wapi?" Nikamtumia ile iliyokuwepo. Iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu ile kitu hairudiwi.

Sasa ukiuliza wapiga picha wengine watakuambia moja kwa moja ni waifai. Na si uongo kwamba 2.4 GHz imejaa watu, waifai iko hapo, bluetooth iko hapo, maikrowevu inavuja hapo hapo, droni nyingi za watu wa video zinaongozwa hapo, na siku hizi harusi gani Nairobi haina droni. Kwa hivyo mimi pia nikaamini ni waifai, nikabadilisha chaneli, nikaenda kazi nyingine Lang'ata, ikaendelea kuruka vile vile, yaani nabonyeza na flashi haiwaki. Nilikuwa karibu kuzitupa ninunue zingine.

Kilichoniokoa ni kukaa chini na kuhesabu. Jumatatu moja sebuleni kwangu Umoja niliweka kamera mezani, flashi kwa stendi mita tatu hivi, nikapiga picha 50 nikiweka alama kwa karatasi kila ikikosa. Ikakosa 14. Na hapa hakuna DJ, hakuna droni, hakuna wageni 300 wenye simu. Alafu nikaiacha kamera kabisa, nikachukua transmita mkononi nikabonyeza kitufe chake cha testi mara 50. Ikakosa moja. Fikiria hiyo kidogo. Redio ni ile ile, umbali ni ule ule, betri ni zile zile. Kama shida ingekuwa hewani, kitufe cha testi nacho kingekosa kama picha. Kwa hivyo mawimbi yalikuwa yanafika vizuri, kitu kilikuwa kinapotea kabla hata transmita haijaambiwa itume. Yaani kati ya kamera na transmita, pale juu, kwa hotishuu, ile sehemu ya kamera ya kuchomeka flashi au triga.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wengi hawajawahi kuangalia hii sehemu kwa macho. Kamera haitumi umeme mwingi wala kitu cha ajabu kwenda kwa triga ya pini moja. Shata ikifunguka, kamera inaunganisha pini ya katikati na zile reli za chuma za pembeni, kama swichi ya taa, basi. Njia ni mbili tu, pini na reli, moja ikiwa chafu au ikiwa haijagusa vizuri hakuna kinachosikika. Nilichukua raba nyeupe ya penseli, ile ya watoto wa shule, nikasugua pini ya transmita na ile doa ya chuma ya katikati kwa hotishuu ya kamera, kamera imezimwa na nimeiinamisha ili makombo yasiingie ndani, raba ikatoka na alama ya kijivu kabisa. Nikamalizia na pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, nikangoja ikauke. Picha 50 tena, ikakosa 6.

Bado 6 ni nyingi. Nikaanza kuigusa gusa transmita nikiwa napiga. Nikiisukuma mbele kwa kidole inawaka kila mara, nikiiachilia inarudi nyuma kama unene wa kadi ya benki na hapo ndio inaanza kukosa. Mguu wake ni wa plastiki, hauna ile pini ya kufunga inayozama ndani ya shimo la hotishuu kama triga za bei ya juu, una gurudumu la kukaza tu, na hilo gurudumu nalo linalegea ukitembea na kamera shingoni siku nzima. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa hizi triga, redio yake haina neno, mguu ndio mbaya.

Nikabandika tepu ya umeme pande zote mbili za mguu ili ujae, nikaichomeka, ikakataa kabisa. Hata mara moja. Nilishtuka nikadhani nimeiua. Kumbe ukiangalia kwa tochi, ubavuni mwa ule mguu kuna ukanda mwembamba wa chuma, upana wake ni kama njiti ya kiberiti, huo ndio unagusa reli na kurudisha umeme, na mimi nilikuwa nimeuziba na tepu. Nikatoa tepu ya upande huo nikaacha ya upande wa pili peke yake, ambayo sasa inausukuma ule ukanda ugandamane na reli. Picha 50, zikawaka 50. Nikarudia nyingine 50 nikitingisha kamera, zikawaka zote. Tepu yenyewe ya shilingi hamsini.

Hiyo ilikuwa upande wa kamera. Flashi ya kulia ilikuwa na mambo yake mengine, kwa sababu hata kwa kitufe cha testi ilikuwa inakosa mara moja moja. Hapa cha kuangalia ni taa ndogo ya risiva. Risiva ikipata ishara taa inabadilika rangi, sasa kama taa imebadilika na flashi haijawaka, acha kulaumu redio, ishara imefika, shida ni flashi yenyewe au pale flashi inapokaa juu ya risiva. Kwangu zilikuwa mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni betri. Nilikuwa natumia zile alkalaini za bei rahisi kwa flashi, na alkalaini zinaanza na voliti 1.5 ndio, lakini ukizivuta nguvu nyingi mara kwa mara voliti inaanguka, flashi inachukua sekunde nyingi kujaa, na ukibonyeza kabla haijajaa haiwaki, wewe unaona triga imeruka kumbe flashi bado inapumua. Zile za kuchaji za NiMH zimeandikwa voliti 1.2 tu na watu wanaziogopa kwa sababu ya hiyo namba, lakini zinashikilia voliti yake vizuri zaidi ukizikamua, flashi inajaa haraka. Tangu nihamie NiMH kwa flashi sijawahi kurudi nyuma. Kwa risiva ni tofauti kidogo, haili umeme mwingi, weka alkalaini mpya itakaa siku nyingi. Na muangalie pia kama flashi yenu inalala yenyewe baada ya dakika kadhaa, maana hizi risiva za pini moja haziwezi kuamsha flashi nyingi zikishalala. Izime hiyo settingi kabla ya kazi.

Ya pili ilikuwa risiva yenyewe. Nikaipeleka River Road kwa fundi mmoja mzee wa redio, mtu ana meza ndogo chini ya ngazi na kioo cha kukuza, akafungua skrubu, akaigeuza geuza, akaniita nione. "Njoo uone hapa kijana, imeachilia." Pale pini ya kushikia flashi inapoingia kwa bodi, risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka duara dogo kuzunguka pini, kama ufa kwa sahani, ukisukuma flashi inagusa, ukiachilia inaachana. "Flashi yako ni nzito?" Nikamwambia ndio, na huwa nabeba stendi ikiwa na flashi juu. Akasema hiyo ndio inavunja. Akapasha moto, akaongeza risasi mpya, dakika kumi, 300. Huyu fundi nampa nyota zote, hakujaribu kuniuzia kitu na hakuharibu kitu kingine.

Baada ya hapo nilipata kazi ukumbi wa hoteli Upper Hill na huko nikakutana na shida ya hewani ya ukweli, kwa hivyo wanaosema waifai msidhani nawapuuza. Nikiwa mita tano ziko sawa, nikienda mwisho wa ukumbi na watu wamejaa katikati ya meza flashi ya mbali inakosa. Mwili wa mtu ni maji mengi na maji yanameza 2.4 GHz vizuri sana, sasa ukumbi mzima wa watu wamesimama ni kama ukuta. Niliinua stendi mpaka flashi ikawa juu ya vichwa, nikaigeuza risiva ili ule mwili wa flashi usikae katikati yangu na yake, nikabadilisha chaneli, ikatulia. Na kulikuwa na mpiga picha mwingine wa familia, kila akipiga flashi yangu inawaka. Yake ilikuwa triga kama yangu, sote tuko chaneli 1 vile zilitoka kiwandani. Tukaongea, yeye akabaki 1, mimi nikaenda 7. Mwingine flashi yake itawaka ovyo kwa sababu ameiacha kwa modi ya S1 inayofuata mwanga wa flashi yoyote, na kwa harusi flashi ni nyingi, hiyo angalieni pia.

Na si triga za bei rahisi peke yake zinazopata shida ya hewani. Triga za PocketWizard FlexTT5 zilitoka 2009 zikiwa kitu cha wataalamu, na flashi ya Canon 580EX II ilikuwa inatoa kelele ya redio iliyopunguza umbali wa triga hizo, mpaka wakatengeneza kifuko maalum cha kuivalisha flashi.

Jambo lingine kabla sijasahau, kwa sababu vijana wengi hapa wanaanza na hizo kamera. Canon 2000D, 4000D na 250D hazina ile doa ya katikati kwa hotishuu. Triga ya pini moja haitawaka hapo hata uisafishe mwaka mzima, unahitaji triga iliyotengenezwa kwa Canon inayoongea kwa zile pini nyingine ndogo. Angalia hotishuu yako kabla ya kutuma pesa. Kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless) pia, shata ya kielektroniki nyingi haziwashi flashi, rudisha shata ya kawaida. Na ukiona mstari mweusi chini ya picha hiyo si kuruka, ni shata imekimbia kuliko triga, hizi huchelewa kidogo kwa hivyo hata 1/200 inaweza kukata, mimi nashuka 1/160 na hauonekani.

Kwa hivyo ningezinunua tena? Risiva ndio, kwa hiyo bei ziko sawa kabisa, ukizitunza pale pini na usibebe stendi ikiwa na flashi nzito juu. Transmita hapana. Kwa studio na picha za watu wametulia itakutosha na tepu yake, lakini kwa harusi ambapo unatembea siku nzima sitaki kitu cha kukazwa na gurudumu la plastiki juu ya kamera yangu. Nimeweka pesa kando ya mfumo mwingine wenye mguu wa chuma na pini ya kufunga, mpaka hapo kila Ijumaa usiku nasafisha pini, naangalia tepu, napiga 50 nikihesabu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa ruracio nyingine, Kahawa Sukari. Leso zilikuwa za njano, wasichana saba, jamaa akachukua muda mrefu kweli akizunguka. Alipofunua zikawaka zote mbili, na msichana alikuwa bado amefunga macho.