Nilifuata magauni, nikakutana na Ida

Nilienda Canton, Ohio, kwenye ile nyumba ya makumbusho ya wake za marais wa Marekani, na niseme ukweli, akili yangu ilikuwa kwenye magauni tu, nipige picha mbili tatu niondoke. Kumbe nyumba yenyewe ni ya kwao Ida Saxton, mkewe rais William McKinley, na ukishaingia ndani huyo Ida hakuachii.

Hamzunguki wenyewe, mnatembezwa kwa kikundi chumba baada ya chumba, na yule mama aliyetutembeza anavyohadithia utadhani anamsema jirani yake. Ida kabla hajaolewa alikuwa anafanya kazi benki ya babake, mtoto wa tajiri huyo, karne ya 19, anahesabu hela za watu! Akaolewa 1871, wakapata mabinti wawili, mdogo akafa 1873 akiwa bado mchanga, na mkubwa akafuata 1875 hata miaka minne hajatimiza. Afya yake ikaharibika hapo, kifafa juu. Sasa mumewe alipokuwa rais, kwenye dhifa za Ikulu itifaki inasema mke akae mbali ila yeye anamweka pembeni yake, kikimjia anamfunika uso na leso, kikipita anaitoa na maongezi yanaendelea kama hakuna kitu. Mi nina shangazi ana kifafa, najua watu wanavyotimka, kwa hiyo hapo nilibaki kimya kidogo.

Halafu kuna hili la sapatu. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake anafuma sapatu za uzi, maelfu jamani, zinagawiwa watu na nyingine zinauzwa kuchangia wenye shida.

Juu kabisa kuna ukumbi wa dansi na chumba cha kazi cha McKinley. Ngazi zipo za kutosha, mi nilivaa visigino, shauri yangu. Hao wake wengine maonyesho yao yako jengo la pili hapo karibu, lilikuwa benki, la mwaka 1895, huko nilipita fasta tu maana kichwa kilishajaa Ida.

McKinley alipigwa risasi 1901, Ida akamfuata 1907. Kesho yake nikaenda walikozikwa, hapohapo Canton, wote wanne pamoja na watoto. Ngazi 108. Safari hii nilivaa raba.