Soksi za kubana baada ya damu kuganda mguuni, uzoefu wangu wa miezi 8

Mie niko Chake Chake, hizi soksi nazivaa mwezi wa 8 huu na kila mtu aniulizia, soksi za nini na joto lote hili?

Nilijifungua kwa operesheni, siku ya 12 mguu wa kushoto ukavimba peke yake, kigimbi cha moto, kinauma nikikanyaga tu, bibi ashapasha mafuta ya nazi anikande kama mzazi anavyokandwa, na hospitali niliyokwenda wakanambia msuli umevutika, wakanipa daiklofenaki ya maumivu nirudi nyumbani. Moyo ukakataa. Kama msuli, mbona moto vile? Kesho yake nikarudi na tepu yangu ya cherahani, nikapima vigimbi vyote viwili mbele ya daktari mwengine, tofauti sentimita 4, nikamwambia miye siondoki mpaka niandikiwe utrasaundi ya mishipa. Boti Mkoani mpaka Unguja, na kweli damu imeganda kwenye mshipa wa ndani juu ya goti. Daktari akasema afadhali sikukandwa, lile donge lingeweza kukatika likaenda mapafuni. Nililia pale pale na mtoto mkononi.

Basi soksi. Jozi ya mwanzo niliuziwa kwa namba ya kiatu, ikanikata nyuma ya goti mpaka alama nyekundu, nikaiweka. Hizi hazichaguliwi kwa kiatu jamani! Unapima asubuhi kabla mguu haujajaa, kifundo, kigimbi panapokuwa pana, na urefu wa kisigino mpaka chini ya goti. Zangu nguvu ya kubana ni 20-30 mmHg, za kuishia gotini, na tangu nipate saizi yangu jioni mguu hauwi mzito tena kama gunia, naweza kusimama jikoni nikamaliza kupika.

Kuzivaa ndo kazi, nilikuwa natoka jasho dakika 10 nzima, mpaka nikajua kuvaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika vizuri soksi inapanda. Usikunje ukingo wa juu, unabana vibaya. Nafua kwa mkono naanika kivulini, na bado mpira wa jozi moja ushalegea. Wakati wa kaskazi zinawasha kwelikweli, nyota moja naikata hapo, nazipa 4. Mwenye kidonda mguuni au sukari aulize daktari kwanza.

Ila soksi haiyeyushi damu, dawa yangu ni wafarini, ya kuzuia damu isigande zaidi, na kipimo cha INR, kinachoonesha damu inachelewa vipi kuganda, kikae baina ya 2 na 3, kunyonyesha nanyonyesha, mchicha na kisamvu nakula kiasi kile kile kila wiki maana majani hugusa nguvu ya dawa, na nikiingia famasi yoyote neno la kwanza ni natumia wafarini, wasije wakanipa daiklofenaki tena, zikikutana mbili hizo damu huweza kutoka ovyo.

Bibi siku hizi ndo anonivalisha, asubuhi sijashuka kitandani keshavaa glavu.