Uzoefu wangu Puerto Vallarta: rafiki yetu alivyofukuzwa ufukweni

Nimesubiri hasira ipoe kabla ya kuandika, na haikupoa. Mapema mwaka huu mimi na mume wangu tulikwenda kupumzika Puerto Vallarta, katika jimbo la Jalisco nchini Meksiko, tukafikia kwenye hoteli moja ya ufukweni ambayo sitaitaja jina. Hoteli hiyo inajitangaza kuwa ni makao ya wapenzi wa jinsia moja: bendera ya upinde wa mvua imetundikwa mlangoni, nyingine iko juu ya baa, na bendera ndogondogo zimechomekwa hadi kwenye miavuli ya ufukweni. Chumba kilikuwa safi na chakula sina la kukisemea vibaya. Ninayotaka kuyaeleza ni mambo ya dakika ishirini hivi za mchana mmoja, kwa sababu ndani ya dakika hizo nilijua bendera zile zimetundikwa kwa ajili ya nani.

Nianze na tulichokuwa tunakitafuta, ili msomaji asidhani nilikwenda na kinyongo. Mimi ni mtu wa Mombasa, mwenzangu ni Mkanada, na tunaishi Toronto, ambako ndiko tulikofunga ndoa. Nimekulia mahali ambapo sheria inayahesabu mapenzi yetu kuwa jinai, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilipoombwa kuvifuta vifungu hivyo ilikataa. Nilijifunza mapema kuuachia mkono wa mtu kabla hatujafika kwenye kona ya barabara. Basi jioni ya kwanza tulitoka kwenye gati la Playa de los Muertos, tukapita katika mitaa ya mawe ya Zona Romántica, tukavuka mto Cuale na kuifuata barabara ya waenda kwa miguu inayopakana na bahari, ile wanayoiita Malecón, mpaka karibu na kanisa la Mama Yetu wa Guadalupe, lenye taji juu ya mnara wake. Watu walikuwa wakitoka kwenye ibada. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza peremende kwenye ngazi alitusalimu sote wawili, akaendelea kupanga pipi zake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeushika mkono wa mwenzangu tangu tulipovuka mto, na kwamba sikuwa nimehesabu hata mara moja ni nani anayetutazama. Ningeandika tathmini hii usiku ule, ningetoa nyota zote.

Siku ya tatu alikuja rafiki yetu kutoka Guadalajara. Ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, mtu wa makamo mwenye mvi, mpole, anayezungumza polepole. Yeye na mume wake walioana kabla ya Mahakama ya Juu ya Meksiko kuvibatilisha, Januari 2016, vifungu vya sheria ya Jalisco vilivyosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Wakati ule wapenzi wa jinsia moja waliotaka kuoana katika jimbo hilo walilazimika kwenda mahakamani kuomba amri ya kulinda haki zao, inayoitwa amparo, na wao wawili walifanya hivyo, wakasubiri miezi, wakalipa wakili kwa mshahara wa ualimu. Bunge la Jalisco lenyewe halikuirekebisha sheria hadi Aprili 2022. Nayataja haya kwa sababu ule uhuru nilioufurahia kwenye ngazi za kanisa haukuletwa na hoteli yoyote wala na mtalii yeyote. Ulipiganiwa na watu kama mwalimu huyu, na sisi tuliotoka Toronto tulishuka tu kwenye ndege tukaukuta tayari.

Alifika ufukweni mchana, jua likiwa kali, akiwa na mishikaki mitatu ya samaki aliyoinunua kwa muuzaji apitaye na jiko lake, samaki wazima waliobanikwa na kumwagiwa ndimu na pilipili. Alitupa sisi mmoja mmoja, akakaa kwenye ncha ya kitanda changu cha ufukweni, na tukaanza kula. Hata mfupa wa kwanza haujatoka, askari wa hoteli akaja. Hakutuangalia sisi. Alimwambia yeye kwa Kihispania aonyeshe bangili, ile ya plastiki ambayo wageni wa hoteli huvaa mkononi. Nikaeleza kwamba huyu ni mgeni wetu, na kwamba tuko tayari kulipia kitanda cha tatu pamoja na kile kiwango cha chini cha matumizi ambacho kila anayekaa pale hutakiwa kukifikisha. Mhudumu akajibu kwamba vitanda vimejaa. Mbele yetu kulikuwa na vitanda vitatu vitupu, taulo zake zikiwa zimekunjwa na hazijaguswa.

Rafiki yetu hakubishana. Alitoa taulo lake kwenye mfuko, akalitandika juu ya mchanga karibu na miguu yangu, akakaa. Kwa kweli hapo mambo yangeweza kuishia. Fukwe za Meksiko ni mali ya taifa, hoteli hupewa kibali tu cha kutumia sehemu ya mchanga, na mwaka 2020 sheria ilirekebishwa ili atakayewazuia watu kufika ufukweni apigwe faini. Mwalimu alijua hayo kuliko mimi. Lakini askari alirudi akiwa na meneja, na meneja huyo ndiye ninayeshindwa kumsahau.

Kwetu sisi alizungumza Kiingereza laini, akatuita mabwana, akauliza kama vinywaji vyetu viko baridi vya kutosha. Kisha akamgeukia mwalimu na kumsemesha kwa “tú”. Kihispania kina “wewe” mbili, ya heshima na ya mazoea, na mtu usiyemjua, tena mwenye mvi, katika mazingira ya kazi, hupewa ile ya heshima. Ilikuwa kama kijana amkute mzee wa watu barazani, aruke shikamoo na kumwambia, “Wewe, inuka.” Halafu akatugeukia tena na kutueleza, kama anayetufanyia hisani, kwamba wateja wamekuwa wakilalamika juu ya wenyeji wanaozunguka ufukweni kuwatafuta wageni kwa ajili ya pesa. Alilisema hilo mbele yake, akidhani Kiingereza hakimfikii, nacho kilimfikia vizuri sana. Pete ya ndoa ilikuwa kidoleni mwake. Alikuwa bado ameushika mshikaki wake, mafuta ya samaki yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Aliuweka juu ya kifuniko cha pipa la takataka, taratibu, akanawa kwa maji ya chupa, akalikung'uta taulo mbali nasi ili mchanga usituingie machoni, akalikunja mara nne na kuondoka. Juu ya kichwa chake, kwenye mwavuli, bendera ile ndogo ilikuwa inapepea.

Naijua sura hii ya mambo. Mimi ni mtoto wa Pwani, na nimewaona askari wa hoteli Nyali na Diani wakiwafukuza vijana wa hapohapo kwenye mchanga ambao babu zao walianikia nyavu, ilhali mgeni akipita na kamera hupigiwa saluti. Nilipokuwa mdogo nilifukuzwa hivyo mimi mwenyewe zaidi ya mara moja. Sikutarajia kuwa siku moja nitakaa upande wa pili, juu ya kitanda, na bangili mkononi, na kumtazama mwingine akifanyiwa. Tena mahali hapa! Mahali ambapo watu kama sisi tunaambiwa njooni, hapa hamtaulizwa ninyi ni nani.

Tulihama jioni ileile. Mapokezi walikataa kuturudishia fedha za siku mbili zilizobaki, wakasema ndio utaratibu, na nilipotaka kumwona mkubwa wao nikaambiwa ametoka. Tukapata chumba katika mtaa wa 5 de Diciembre, kaskazini mwa katikati ya jiji, kwa mama mmoja anayepangisha vyumba vitatu juu ya nyumba yake. Hakuwa na bendera yoyote. Alitukuta wanaume watatu mlangoni, mimi, mume wangu na mwalimu, akauliza nani anakunywa kahawa asubuhi na nani anakunywa chai, akatupa funguo. Mwalimu alipokuja kukaa nasi barazani hakuna aliyemwuliza lolote, na siku iliyofuata mama yule alimwandalia na yeye kikombe bila kuambiwa.

Ni katika usiku wetu wa mwisho ambapo moyo wangu ulianza kulegea. Tulirudi Malecón, na kwenye umati tukamkuta muuzaji wa tuba, kinywaji cha utomvu wa mnazi anachokibeba kwenye kibuyu kikubwa begani na kukimimina kwenye gilasi pamoja na vipande vya tufaha na karanga. Wenyeji husimulia kwamba ugema huo uliletwa na watu wa Ufilipino enzi za merikebu zilizokuwa zikisafiri kati ya Manila na Acapulco. Nilikunywa, na ulimi wangu ukalitambua tembo la mnazi, ingawa hili lilikuwa tamu na halijachacha. Nilimtafsiria mwalimu methali yetu ya mgema akisifiwa, na tembo kutiwa maji. Alifikiri kidogo, akasema kwamba Vallarta imesifiwa na wageni tangu sinema ya Hollywood ilipopigwa Mismaloya, ufukwe ulio kusini mwa jiji, mwaka 1963, na kwamba yeye bado huja kila Mei kwa sherehe za fahari ya watu wetu, kwa kuwa hapa ndipo alipombusu mume wake kwa mara ya kwanza mchana kweupe. Alisema askari yule pengine anaishi Pitillal, mtaa ulio mbali na ufukwe, anadamka alfajiri kuwahi basi, na amri alipewa. Nilikubali, nikajiona nimekuwa mkali kupita kiasi kwa kijana anayelinda mkate wake.

Kisha nikamkumbuka meneja, na nikaacha kukubali. Yeye hakuamriwa kusema “tú”.

Hoteli hiyo, kwa hiyo, naipa nyota moja, na hiyo ni ya mfagiaji wa chumba chetu, aliyetusaidia kushusha mizigo ngazi tatu ingawa haikuwa kazi yake. Atakayekwenda Vallarta na ana marafiki au ndugu Wameksiko, aulize kabla ya kulipa kama mgeni wake ataruhusiwa kukaa naye ufukweni na kwa masharti gani, na ajibiwe kwa maandishi. Wakijizungusha katika jibu, atafute kwingine. Vyumba kama vya mama yule vipo vingi, na bahari ni ileile.

Jiji lenyewe sijui nilipe ngapi. Wiki iliyopita ningesema mbili. Leo asubuhi, nilipoziona picha za ngazi za kanisa, nilikuwa nimefika nne. Nimemwandikia mwalimu kumwuliza kama atarudi Mei, na hajajibu, nami sitaki kumharakisha. Nyota za Vallarta nimeziacha wazi mpaka yeye atakaposema.