Darasa la jioni la taekwondo kwa watu wazima, Ntinda: mwalimu mzuri, sakafu mbaya

Klabu nyingi za taekwondo mjini Kampala zimepangwa kwa ajili ya watoto na vijana, na mtu mzima anayejiunga nazo huwekwa mwisho wa mstari, nyuma ya wanafunzi wa shule ya msingi wenye mikanda ya kijani, huku akitarajiwa kurusha teke la kichwani kabla nyonga zake hazijasahau kiti cha ofisi. Darasa ninalolitathmini hapa, linalofanyika katika ukumbi wa shule moja upande wa Ntinda, limetengwa kwa watu wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, na hilo peke yake linalifanya listahili kuzungumziwa. Ufundishaji wake ni bora kuliko niliouona kwingine mjini, vifaa ni vya wastani, sakafu ni mbaya, na anayetegemea kwamba vipindi vyake peke yake vitampa pumzi na nguvu ataendelea kuhema mpaka mkanda wa buluu. Klabu sitaitaja jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza ziko katika kumbi nyingi, na si haki kumtwika mmoja mzigo wa wote.

Vipindi ni jioni mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kila kimoja dakika 90. Anayetoka katikati ya mji siku ya mvua hupoteza sehemu ya kwanza kwenye msongamano wa magari pale Lugogo, lakini hafungiwi mlango. Husimama pembeni, huinama kwa heshima na kusubiri aitwe. Wanafunzi ni Waganda, Wakenya waliohamishiwa Kampala kikazi, Wakongo wenye maduka, walimu, muuguzi mmoja na askari wastaafu. Mwalimu mkuu naye alitoka jeshini, na kila mtu humwita Afande, hata wale wanaomzidi umri. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na kisicho na mapambo, na wakati wa kueleza jambo gumu huchanganya na Kiganda kwa ajili ya wale wanaokielewa zaidi. Hesabu na amri hubaki za Kikorea kama ilivyo desturi ya mchezo wenyewe, na ndani ya wiki chache mgeni huzizoea bila kufundishwa rasmi.

Kabla ya kulipa ada popote, mtu mzima aulize ni taekwondo ya upande gani inayofundishwa, kwa sababu zipo mbili kubwa na hazifanani. Ile ya ITF (International Taekwon-Do Federation), shirika lililoanzishwa mwaka 1966 chini ya Choi Hong Hi, jenerali wa Korea Kusini, ina mifululizo yake ya mienendo, yaani mateke, ngumi na kinga zinazofanywa kwa mpangilio maalumu bila mpinzani, na inaruhusu ngumi za kichwani katika pambano. Ile ya World Taekwondo, shirika lililozaliwa Seoul mwaka 1973, ndiyo inayochezwa katika Olimpiki, ambako ilionyeshwa tu mwaka 1988 na 1992 kabla ya kuanza kutoa medali kamili Sydney mwaka 2000. Darasa hili ni la upande wa World Taekwondo, na mienendo yake ni ile minane ya Taegeuk, kuanzia Il Jang hadi Pal Jang. Swali hili huonekana dogo mpaka siku mtu anapohamia klabu nyingine na kukuta kwamba yote aliyoyakariri hayatambuliki.

Ubora wa Afande unaonekana zaidi katika namna anavyofundisha dolyo chagi, teke la mzunguko ambalo ndilo mkate wa kila siku wa mchezo huu. Mwalimu wa vijana huonyesha teke zima, kisha hudai lirudiwe mpaka likae sawa, na kijana hulipata kwa sababu viungo vyake vinasamehe. Afande hulivunja vipande. Kwanza mwanafunzi hushika ukuta na kuinua goti tu, likiwa limekunjwa na kuelekea shabaha, akalishikilia hapo huku mguu mwingine ukitetemeka. Kisha hufundishwa kugeuza mguu aliousimamia, kwa kunyanyua kisigino kidogo na kuzunguka juu ya sehemu ya mbele ya wayo, mpaka kisigino hicho kitazame shabaha. Nyonga hugeuka zenyewe mguu wa chini unapogeuka. Mwisho kabisa ndipo mguu wa juu hufunguka kuanzia gotini, ukapiga kwa mgongo wa wayo, na goti likakunjwa tena kabla wayo haujashuka sakafuni. Msaidizi wake, kijana mwenye mkanda mweusi, hupita nyuma yetu akigusa visigino kwa fimbo ndogo na kusema, “Mzee, geuza chini kwanza, juu kutafuata,” kwa adabu ambayo haipunguzi ukali wa jicho lake.

Msisitizo huo juu ya kisigino si urembo. Wayo uliosimama usipogeuka ilhali nyonga zinageuka, tofauti yote hiyo hubebwa na goti, na goti halikuumbwa kuzunguka namna hiyo. Kijana huenda akaumia kidogo na kupona kabla ya kipindi kijacho. Mwenye miaka 45 atapanda ngazi akichechemea kwa miezi. Ndiyo maana darasa hili halianzi na mateke ya juu, na mwanafunzi anayepiga kwa usahihi usawa wa mkanda husifiwa kuliko anayefikia kidevu kwa kujipinda. Afande hutuonyesha kwenye simu yake fainali ya Rio ya mwaka 2016, uzito wa kilo 80, ambapo Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alimpiga Lutalo Muhammad teke la kuzunguka la kichwani katika sekunde ya mwisho na kuiletea nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. (Lutalo ni Mwingereza, ingawa jina lake la kwanza kila Muganda analitambua.) Akishatuonyesha, huzima simu na kuturudisha ukutani kuinua magoti.

Mpangilio wa kunyoosha misuli nao umefikiriwa vizuri. Mwanzoni hakuna anayeketi na kuvuta vidole vya miguu. Kazi ni kuruka kamba, kuzungusha nyonga, kubembeza miguu mbele na pembeni kwa mwendo unaoongezeka taratibu, mpaka jasho litoke. Kunyoosha kwa kutulia, pale mtu anapobaki katika mkao mmoja kwa nusu dakika au zaidi, huachwa mpaka mwisho misuli ikiwa imepata moto. Katika klabu niliyokuwa zamani ilikuwa kinyume chake: tuliingia baridi, tukakandamizwa migongo ili vichwa vifike magotini, na msuli wa nyuma ya paja ukawa wa kwanza kulalamika.

Hata hivyo, darasa hili lina pengo kubwa katika utimamu wa mwili, na ni bora anayefikiria kujiunga alijue mapema. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku mbili au zaidi. Kwa hesabu ya karatasi, vipindi viwili vya dakika 90 vinapita kiwango cha kwanza. Lakini pedi za mateke ni chache, foleni ni ndefu, na sehemu kubwa ya muda mtu husimama akitazama wenzake au akisikiliza maelezo, jambo linalofaa kichwa kuliko moyo. Mazoezi ya nguvu ni pushapu chache za kumalizia. Kwa mtu aliyepita miaka 30, umri ambao misuli huanza kupungua polepole isipotumiwa, hizo hazitoshi.

Kwa hiyo nusu ya pili ya mafunzo kila mmoja ajitafutie mwenyewe. Pambano la taekwondo huchezwa kwa raundi za dakika mbili zenye mapumziko ya dakika moja katikati, na ndani ya raundi mtu hulipuka kwa sekunde chache, akatulia, akalipuka tena. Kukimbia taratibu kwa saa nzima hakumwandai mtu kwa mwendo huo. Kampala, iliyo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na iliyojaa vilima, inatoa uwanja wa bure. Sisi tunaoishi jirani hupanda kilima cha Naguru alfajiri, dakika mbili kwa kasi na dakika moja kwa kutembea, tukirudia mpaka mteremko uwe mapumziko ya kweli. Nyumbani huongezwa kuchuchumaa na kusimama, kwa miguu miwili kisha kwa mmoja ukiwa umeshika meza, na kunyanyua visigino juu ya kingo ya ngazi kisha kuvishusha polepole sana. Zoezi hili la mwisho halipendwi kwa sababu halina shangwe, lakini kano ya kisigino ndiyo inayobeba kila mruko na kila mgeuko, na kwa watu wa umri wetu huzoea mzigo mpya pole pole kuliko misuli inavyozoea. Nilipendekeza kwa klabu kwamba robo saa ya kila kipindi itengewe kazi hiyo. Nilisikilizwa kwa heshima, na hakuna kilichobadilika.

Kuhusu sakafu sina lugha ya upole. Ni mikeka ya povu inayoshikanishwa kwa meno pembeni, iliyotandazwa juu ya saruji, na mingi imekuwa migumu kwa uzee. Wanafunzi wakigeuka kwa nguvu, meno huachana na kuacha nyufa zinazotosha kuingiza kidole gumba cha mguu. Pengine mkeka hung'ang'ania ngozi wakati ambapo wayo unatakiwa uzunguke, na pengine, jasho likishamwagika, huteleza, hivi kwamba somo lote la kisigino linafundishwa juu ya kitu kinacholipinga. Suluhisho tulilonalo ni watu wawili kupita wakisukuma mikeka kwa miguu kila baada ya zoezi na kufuta maji kwa kitambaa. Mvua inaponyesha, paa la mabati huwa na kelele kiasi kwamba amri haisikiki na Afande huendesha darasa kwa makofi. Hilo sihesabu kuwa kosa la mtu. Sanduku la huduma ya kwanza lipo, lakini nilipolifungua lilikuwa na plasta na mkasi tu, na tunachokitegemea kwa kweli ni yule muuguzi kuwa hajapangiwa zamu ya usiku.

Vifaa havimo katika ada. Klabu huwaazimisha wanafunzi hogu, yaani kinga ya kifua, pamoja na kofia za kinga, ingawa kamba za baadhi yake zimelegea. Kinga ya meno, ya kinena na ya miundi kila mtu anunue zake, na sioni mtu mwenye busara akiazima hata moja kati ya hizo. Doboki, sare yenyewe, inaweza kupatikana kwa bei nafuu kwenye mitumba ya soko la Owino kwa mwenye subira ya kupekua, ila atazame shingo: ya upande huu huvaliwa kwa kupitishia kichwani na ina ukosi wenye umbo la V, na ile inayofunguka mbele kama koti kwa kawaida ni ya karate au judo. Ukosi mweusi aachie wenye mkanda mweusi. Mgeni anaruhusiwa kuanza na suruali ya mazoezi na fulana, na wengine hubaki hivyo kwa muda mrefu bila kusemwa.

Mitihani ya mikanda haiharakishwi, na kwangu hii ni sifa. Mikanda ya rangi hutolewa na klabu yenyewe, kwa hiyo hapo ndipo penye kishawishi cha kufanya biashara, na nimewahi kupita mahali ambapo kila aliyelipa ada ya mtihani alifaulu. Hapa watu hurudishwa. Kuhusu mkanda mweusi, aulizwe mwalimu kama cheti cha dani, yaani daraja la mkanda mweusi, kitasajiliwa Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972 ambayo cheti chake ndicho kinachotambuliwa nje ya mipaka. Afande hujibu swali hilo waziwazi na huonyesha cha kwake bila kuombwa mara mbili.

Pambano la mazoezi hufanyika kwa hiari na kwa nguvu ndogo, bila mateke ya kichwani kwa walio chini ya mkanda wa buluu. Anayetaka medali za mapambano atafute klabu ya vijana na akubali kasi yao, kwa sababu hapa atachoshwa na tahadhari. Mwenye hamu ya kushindana bado ana njia ya mienendo: mashindano ya dunia ya World Taekwondo ya fani hiyo, yaliyoanza mwaka 2006, yana makundi ya umri yanayofika hadi waliopita miaka 65, na mzee wetu mmoja ambaye hajawahi kunyanyua mguu juu ya kiuno hufanya Taegeuk Sam Jang, ule wa tatu, kwa utulivu unaowaaibisha vijana. Ada ya mwezi haifiki nusu ya ile ya jimu za Kololo na hulipwa kwa simu mwanzoni mwa mwezi. Kipindi cha kwanza hakitozwi chochote, na maji ya kunywa kila mtu aje na yake, kwa kuwa bomba la shule hufungwa saa kumi na moja.