Mapitio: Darasa la Jumamosi la Historia ya Marekani, Shangani, Mtwara

Darasa hili huendeshwa na mwalimu mstaafu katika ukumbi mdogo wa kukodi hapa Shangani, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kwa ada ya shilingi 3,000 kwa kipindi. Limekusudiwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, lakini watu wazima nao hupokewa, nami nilijiunga nalo kwa ajili ya mfululizo wa vipindi kuhusu mgawanyiko wa kisiasa ulioletwa na utumwa nchini Marekani, tangu mwaka 1820 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Aprili 1861. Nalipendekeza kwa dhati, ingawa lina kasoro moja kubwa ambayo haifai kufichwa.

Ubora wa darasa uko katika swali ambalo Mwalimu huanza nalo. Notisi nyingi zinazouzwa madukani husema kwamba Kaskazini ilipinga utumwa na Kusini iliutetea, basi. Yeye huuliza: kama ndivyo, ilikuwaje pande hizo zikakaa katika taifa moja kwa zaidi ya miaka 70? Jibu lake ni vyama. Chama cha Whig na chama cha Democratic, vyama vikuu viwili vya wakati huo, vyote vilikuwa na wapiga kura Kaskazini na Kusini, kwa hiyo viongozi wake walikuwa na kila sababu ya kulifunika suala la utumwa wasije wakapoteza upande mmoja. Mwaka 1820, kabla hata vyama hivyo havijajengeka, lilikuwa limeshapatikana afikiano la kuliingiza Missouri kama jimbo la utumwa na Maine kama jimbo lisilo na utumwa, na kuupiga marufuku utumwa katika ardhi yote iliyobaki ya ile iliyonunuliwa kutoka Ufaransa, kaskazini mwa mstari wa latitudo wa nyuzi 36 na dakika 30. Mwaka 1836 Baraza la Wawakilishi lilifika mahali pa kuamua kwamba maombi ya wananchi kuhusu utumwa yawekwe kando bila kujadiliwa, na ilimchukua John Quincy Adams, rais wa zamani aliyerudi bungeni kama mjumbe wa kawaida, miaka minane kuiangusha kanuni hiyo.

Kipindi kilichonigusa kuliko vyote kilihusu pamba. Pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini ilipelekwa katika viwanda vya Massachusetts, na sehemu ya nguo iliyofumwa huko ikasafirishwa na wafanyabiashara wa Salem hadi Unguja, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Hiyo ndiyo merikani waliyoijua wazee wetu wa Mikindani na Kilwa, iliyobebwa na misafara kwenda bara kubadilishwa kwa pembe za ndovu na, kwa masikitiko yetu, kwa watu. Mwalimu hakuishia hapo. Alionyesha kwamba wenye viwanda hivyo walikuwa Wahig waliotaka amani na mabwana wa mashamba, na kwamba chama chao ndani ya Massachusetts kilipasuka kwa sababu hiyo. Mwaka 1848 Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts aliyepinga utumwa, aliushutumu hadharani muungano wa mabwana wa mjeledi, yaani wenye watumwa, na mabwana wa viwanda vya nguo. Mwanafunzi akishaelewa hilo hawezi tena kuandika kwamba Kaskazini ilikuwa na sauti moja.

Miaka ya 1850 inafundishwa kwa mpangilio mzuri. Sheria ya Kansas-Nebraska ya mwaka 1854, iliyosukumwa na Seneta Stephen Douglas, ilifuta mstari wa 1820 na kuwaachia walowezi waamue wenyewe juu ya utumwa. Wahig wote wa Kaskazini katika Baraza la Wawakilishi waliikataa, wenzao wengi wa Kusini wakaiunga mkono, na chama hakikupona. Katika nafasi yake Kaskazini kikainuka chama cha Republican, kilichopinga utumwa kuenea. Hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857, ambayo kwayo mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilisema Bunge haliwezi kuuzuia utumwa katika maeneo ambayo hayajawa majimbo, ilielezwa kwa haraka kidogo, lakini mgawanyiko wa chama cha Democratic mwaka 1860, mwaka ambao Abraham Lincoln wa Republican alishinda urais kwa takriban asilimia 40 tu ya kura za wananchi, ulielezwa vizuri sana.

Kasoro ninayoisema ni kwamba katika masimulizi haya yote wanaosema na kutenda ni wanasiasa, ilhali watu waliotumikishwa, karibu milioni 4 kwa sensa ya mwaka 1860, wanabaki kuwa jambo linalogombaniwa. Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850 ilipitiwa kwa sentensi chache. Sheria hiyo ilimnyima mtuhumiwa haki ya kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, na ilimlipa kamishna aliyesikiliza shauri dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Juni 1854, siku chache tu baada ya Kansas-Nebraska kuwa sheria, mtoro Anthony Burns alipitishwa katika mitaa ya Boston chini ya ulinzi wa askari hadi kwenye meli ya kumrudisha Virginia, na tajiri wa nguo Amos Lawrence, mmoja wa walewale Wahig wapenda amani, aliandika kwamba yeye na wenzake walilala wakiwa watu wa maafikiano, wakaamka wakiwa wapinga utumwa wakali. Hapo ndipo kipindi cha pamba kilipopaswa kukamilikia. Kila aliyetoroka, kuanzia Frederick Douglass mwaka 1838 hadi Harriet Tubman mwaka 1849, alilifanya suala la utumwa kuwa gumu zaidi kufunikwa na wanasiasa, na somo linalomwacha mtoro nje ya siasa linawaacha nje watu walioilazimisha siasa hiyo ibadilike. Nilimweleza Mwalimu maoni haya baada ya kipindi, kwa heshima, naye aliniomba nimwandikie kisa cha Burns ili akiongeze katika muhula ujao.

Ramani za majimbo zinazogawiwa ni nakala hafifu ambazo mpaka wa Missouri hausomeki, kwa hiyo mwanafunzi aje na atlasi yake, na awahi, kwa kuwa viti vya mbele hujaa mapema na feni ya ukumbi inamezea sauti waliokaa nyuma.